Mkuu, usitoe hilo toleo kesho: ule mstari utafuta data za watu wako

Simama hapohapo. Usibonyeze kitufe.

Umeuliza mambo manne. Ununue simu gani ya majaribio, ubaki na lugha ya Kotlin au uhamie Flutter, zana nyingine ya kuundia programu za simu, uweke matangazo au watu walipie, halafu mwishoni kabisa, kama mgeni anayekumbuka jambo akiwa tayari ameshika kitasa, ukatupia kwamba toleo la pili la programu yako ya kumbukumbu za mazoezi lilikuwa linajifunga kila likifunguliwa, ukaongeza mstari mmoja ulioupata kwenye video, sasa linafanya kazi vizuri na kesho linakwenda dukani, Google Play. Wadau waliotangulia wamekujibu matatu ya mwanzo. Hilo la nne hakuna aliyeligusa, na ndilo lililonitoa kitandani.

Mstari wenyewe umetuwekea: fallbackToDestructiveMigration. Tazama neno la katikati, destructive. Maana yake ni haribifu. Walioandika maktaba ya Room, hiyo inayokutunzia hifadhidata kwenye simu za Android, hawakukuficha kitu, wamekuandikia mlangoni kabisa. Lakini najua jinsi jicho linavyoruka maneno saa sita usiku ukiwa umechoka na unachotaka ni maandishi mekundu yaondoke tu. Liliruka na langu.

Nikueleze kinachotokea. Room ikifungua hifadhidata iliyo kwenye simu, inaangalia namba ya toleo iliyoandikwa ndani ya faili. Simu ya mtumiaji wako inasema 1. Programu yako mpya inasema 2, kwa sababu umeongeza safu kwenye jedwali. Room inauliza: njia ya kutoka 1 kwenda 2 iko wapi? Haioni, inagoma, programu inajifunga. Kule kugoma ndiko kulikokuwa kunakulinda. Ule mstari unaiambia hivi: usipoona njia, vunja majedwali yote, jenga mapya, endelea. Inatii mara moja. Mtumiaji haulizwi, wewe huambiwi.

Kwako imefanya kazi kwa sababu simu yako haina kitu cha kupoteza. Una mazoezi mawili ya uongo uliyoyaandika jana, na yakipotea huoni tofauti. Yule aliyeandika kila mbio zake tangu ulipotoa toleo la kwanza atafungua kesho akute ukurasa mweupe.

Yalinikuta mimi, na nitayaeleza yote maana sioni namna nyingine ya kukuzuia.

Nilikuwa na programu ndogo ya kuandikia vipimo vya presha. Unapima asubuhi, unaandika namba ya juu na ya chini, inakuchorea mwenendo wa mwezi mzima ukamwonyeshe daktari. Haikuwa na akaunti wala seva, kila kitu kilikaa ndani ya simu ya mtu. Nililifanya hilo kwa makusudi na bado nalitetea: mambo ya mwili wa mtu yabaki kwa mwenye mwili. Ilikuwa imeshafika kwenye simu kama 4,300. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake hao ni watu wengi, na nilikuwa nasoma kila ujumbe wao.

Wakaomba nafasi ya mapigo ya moyo, kwa kuwa mashine nyingi za kupimia nyumbani zinatoa namba tatu, wao wakawa wanaandika mbili tu. Ombi la haki. Nikaongeza safu moja, nikapandisha namba ya toleo la hifadhidata, nikaiendesha. Maandishi mekundu. Room ilikuwa inalalamika kwamba migration, yaani maelekezo ya kuhamisha data, ya kutoka 1 kwenda 2 inahitajika na haijaonekana. Na ujumbe huohuo wa kosa unakupa njia mbili za kutokea: uandike migration, au uruhusu ile haribifu. Zimekaa pamoja kwenye sentensi moja, kama vile ni suala la kuchagua rangi. Sikuelewa ya kwanza, nikaenda kutafuta video.

Na hapa naomba nimseme yule mwalimu, jina lake nitaliacha. Video ilikuwa na watazamaji wengi sana. Alipofika kwenye kosa hilihili alicheka, akasema kila anayeanza hulipata, "ongeza tu huu mstari, kosa linaondoka, tuendelee." Akaendelea kweli. Hakutumia hata sekunde 5 kusema kwamba data zinaondoka pamoja na kosa. Mtu amelalamika mlango unakwaruza sakafu, wewe umemvunjia nyumba, halafu unamwonyesha kwamba mlango haukwaruzi tena. Chini ya video kulikuwa na mtu ameuliza, "na data za zamani je?" Swali lilikuwa na zaidi ya mwaka mmoja, halijajibiwa. Nililiona BAADAYE. Mtu anayefundisha maelfu ana wajibu ambao mimi na wewe hatuna. Kosa lake linanakiliwa, linaingia kwenye simu za watu ambao hata hawajui kuna kitu kinaitwa Room.

Tatizo hili ni la zamani kuliko video zenyewe. Kwenye nyaraka za Android kuna mfano maarufu wa kutumia SQLite, injini ya hifadhidata iliyo chini ya Room, moja kwa moja, na sehemu yake ya onUpgrade, inayoendeshwa namba ya toleo ikipanda, inafuta jedwali na kulijenga upya. Walioandika walikuwa waaminifu, wameweka maelezo juu yake kwamba hifadhidata ile ni akiba tu ya data zilizoko mtandaoni, ndiyo maana inafaa kutupwa na kuanza upya. Kwa akiba ni sawa kabisa, kesho itajazwa tena kutoka kwenye seva. Ila watu wamenakili msimbo na kuyaacha maelezo, wakaipeleka kwenye programu ambazo nakala pekee ya data iko humo kwenye simu. Kama yako. Kama ilivyokuwa yangu.

Basi nikatoa toleo jioni, kwa watu wote kwa mpigo, asilimia 100. Simu nyingi hujisasisha zenyewe usiku, zikiwa zimewekwa chaji na ziko kwenye Wi-Fi. Watu walilala wana vipimo vyao, wakaamka havipo.

Ujumbe wa kwanza uliingia kabla jua halijachomoza. Ulitoka kwa dada mmoja aliyekuwa akimwandikia baba yake tangu mzee alipotoka hospitali, miezi 8, mara mbili kwa siku. Aliandika: "Kaka habari za asubuhi. Nafungua naona imeandika Karibu, bado hujaandika kipimo. Vya mzee vimehamia wapi? Saa nne tunaonana na daktari." Alikuwa ameambatanisha picha ya kioo. Maneno yale ya "Karibu, bado hujaandika kipimo" niliyaandika mimi, pamoja na kamchoro ka moyo unaotabasamu, kwa ajili ya mtu anayefungua programu kwa mara ya kwanza. Sasa yalikuwa yanamtabasamia mtu aliyepoteza vipimo karibu 500 na ana daktari saa nne.

Hakuniuliza kama vimefutwa. Aliuliza vimehamia wapi. Alikuwa na hakika viko mahali.

Nikakimbilia dashibodi ya makosa. Safi kabisa! Hakuna programu hata moja iliyojifunga usiku ule, mstari wa kijani umenyooka kuliko wiki zote zilizopita. Hili ulishike vizuri: kufuta data si kosa machoni pa mashine. Ulichoagiza kimetekelezwa kama ulivyoagiza. Vyombo vyote unavyovitegemea vikuamshe vitakaa kimya, na utaamshwa na watu wenyewe.

Halafu nikafanya kosa la pili, kwa haraka, nikitaka kusaidia. Nilikumbuka kwamba tangu Android 6.0 mfumo wenyewe huhifadhi nakala ya data za programu kwenye akaunti ya Google ya mtumiaji, hadi MB 25 kwa kila programu, kama mtumiaji hajazima na wewe mtengenezaji hujazuia. Na nakala ile hurudishwa programu inaposakinishwa upya. Nikawaandikia watu wote waliokuwa wamelalamika: iondoe programu, isakinishe tena, vipimo vitarudi.

Vilirudi, vikafutwa tena. Fikiria mwenyewe. Nakala iliyorudi ilikuwa hifadhidata ya toleo la 1. Programu waliyoisakinisha ilikuwa ileile mpya yenye ule mstari. Ikafungua, ikaona 1, ikatafuta njia, haikuiona, ikavunja. Nilikuwa nimewatuma watu wakaokoe data zao halafu nikawasubirishia mlango uleule. Dada yule alinijibu, "Nimefanya ulivyosema, bado ni ule moyo." Ilinichukua dakika nyingi nikiutazama msimbo kabla sijaelewa kwa nini, na dakika zile hazijanitoka mpaka leo.

Muda nao ulikuwa unakimbia. Nakala ile ya Google ni moja tu kwa simu, mpya inafunika ya zamani, na hutengenezwa simu ikiwa imetulia, ina chaji na Wi-Fi, kama zimepita saa 24 tangu ile ya mwisho. Maana yake usiku unaofuata simu zingeanza kuhifadhi hifadhidata TUPU juu ya ile nzima. Kurudisha toleo la zamani haiwezekani, duka halikubali namba ndogo kuliko iliyokwisha kutoka. Nilikuwa na njia moja: kuandika migration ya kweli, kuipeleka kama toleo jipya, kusubiri ipitiwe na duka, kisha kuwaomba watu waondoe na kusakinisha kwa mara ya pili wakati tayari nimewadanganya mara moja.

Migration ya kweli, mkuu, ile niliyoiogopa mpaka nikakimbilia video, ilikuwa hii:

ALTER TABLE vipimo ADD COLUMN mapigo INTEGER

Ndiyo yote: ongeza safu ya mapigo kwenye jedwali la vipimo. Mstari mmoja unaofuta, mstari mmoja unaohifadhi, urefu ni uleule. Ungeanza na huu hata ile safari ya kwenye video usingeifanya.

Toleo lilipita usiku. Watu 31 waliniandikia kwamba vipimo vimerudi. Wengine simu zao zilikuwa zimeshafunika nakala, au walikuwa wameizima, au hawakuwa na nguvu ya kunisikiliza tena, na siwalaumu. Vya yule dada havikurudi. Baba yake aliingia kwa daktari na kipimo kimoja cha asubuhi ile, kimeandikwa kwa kalamu nyuma ya kadi ya kliniki.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: TOLEO HALITOKI MPAKA LIMEWEKWA JUU YA LA ZAMANI, KWENYE SIMU YA KWELI ILIYOJAA DATA, NA DATA ZIMEBAKI. Juu yake, usiondoe kwanza. Simu tupu haikwambii lolote kuhusu watu ulio nao. Inakwambia habari za watu ambao bado hawajaja.

Jiulize kwa nini hukuliona tatizo mapema. Nakisia ulikuwa unafanya kama mimi: ukibadilisha jedwali na programu ikajifunga, unaiondoa kwenye simu na kuiweka upya, inafunguka, unaendelea. Kila ukiiondoa unaua shahidi pekee aliyekuwa akuambie. Wajaribu nao hawakusaidii hapa. Akaunti mpya za binafsi Google Play zinadaiwa wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kutoa kwa umma, na watu hudhani wakishapita hapo wamepimwa. Wale 12 wote walianza na programu tupu. Walipima mtu anayeanza.

Sasa ukienda kuweka jipya juu ya la zamani utagonga ukuta mmoja, nikuambie mapema usije ukarudi kwenye kuondoa. Programu uliyoijenga kwenye kompyuta yako na ile iliyotoka dukani hazina saini moja, kwa sababu Google ndiyo inayotia saini ya mwisho. Android haikubali kufunika programu kwa nyingine yenye saini tofauti. Utapata INSTALL_FAILED_UPDATE_INCOMPATIBLE, na ushauri wa kila mtu utakuwa "ondoa ya zamani kwanza." USIONDOE. Pitisha toleo jipya kwenye njia ya majaribio ya ndani ya duka lenyewe, simu italipokea kama sasisho la kawaida kwa saini ileile. Na kama simu yako haina tena toleo la zamani, dashibodi ya duka inakuruhusu kupakua matoleo yaliyopita yakiwa tayari yametiwa saini. Weka la kwanza, lijaze, kisha sasisha.

Lijaze kwa jasho. Si mazoezi mawili. Weka mamia, yenye maelezo marefu, yenye nafasi zilizoachwa wazi, yenye tarehe za ajabu. Kisha hesabu kabla, sasisha, hesabu baada. Fungua moja la zamani kabisa ulisome kwa macho.

Na hapo ndipo linapoingia swali lako la simu. Usinunue mpya. Tafuta iliyotumika, ya Android ya zamani kidogo, RAM GB 2, nafasi karibu imejaa. Yangu ina ufa kwenye kona na hairuhusiwi kufutwa kitu, hata mtoto anajua. Nafasi iliyojaa ina maana yake: migration nyingine hunakili jedwali zima kabla ya kulifuta la zamani, na simu isiyo na nafasi itakwama katikati. Bahati nzuri onUpgrade huenda ndani ya muamala mmoja, ikishindwa inarudi ilikokuwa, lakini programu yako ijue kumwambia mtu jambo la maana badala ya kujifunga. Umri wa mfumo nao una maana. Android hutumia SQLite iliyokuja na simu, na amri ya DROP COLUMN, ya kufuta safu, iliingia SQLite toleo la 3.35 mwaka 2021. Ukiijaribu kwenye simu yako mpya itakubali, simu ya zamani ya mtu itaikataa. Kwa kufuta safu tumia njia ndefu: jenga jedwali jipya, nakili, vunja la zamani, badilisha jina.

Jambo moja kuhusu safu unayoongeza. Ukiitangaza Int, yaani namba kamili, bila alama ya kuuliza, Room itadai NOT NULL, yaani isiachwe wazi, na SQLite itakudai thamani ya kuanzia kwa mistari ya zamani. Wengi wanaandika DEFAULT 0, sifuri iwe thamani ya kuanzia, wapite. Kwangu mapigo ya moyo sifuri ni ya maiti. Vipimo vyote vya zamani vingeonyesha mtu aliyekufa kila asubuhi na presha ya 130 kwa 85. Kama hujui thamani, acha wazi, tumia Int?, na kwenye kioo usionyeshe kitu. Kwako ni umbali au mapigo? Sikumbuki uliandika nini, lakini mbio za kilomita sifuri zitamharibia mtu wastani wake wote.

Na utakapotoa, toa kwa asilimia 5 kwanza, ukae siku mbili unasoma ujumbe. Kusimamisha usambazaji hakumrudishii aliyekwisha kupata, lakini kunamwokoa ambaye hajapata. Ningefanya hivyo, ningekuwa naomba radhi watu 200 na kitu.

Flutter pia ina mtego huuhuu, usidhani kuhama kunakuponya: kwenye sqflite, maktaba yake ya SQLite, utakuta mifano ya onUpgrade yenye DROP TABLE, amri ya kuvunja jedwali, imezagaa kila kona. Kuhusu ipi bora nitarudi nikipata nafasi.

Sasa hivi futa ule mstari, iache programu ijifunge, na weka hapa muundo wa jedwali lako la zamani na la jipya, yote mawili kama yalivyo. Niko macho. Nakuandikia migration usiku huu, na asubuhi tunaipima kwenye ile simu yangu yenye ufa kabla hujaituma popote.